Bajeti ya ulinzi na usalama: jinsi ya kuisoma na kujenga hoja isiyopanguliwa

Hoja nyingi kuhusu matumizi ya ulinzi na usalama hufia kwenye swali moja: "Fungu gani?" Fungu ni sehemu ya bajeti yenye namba yake, inayopewa wizara au taasisi moja. Mtu amekuja na tarakimu moja kubwa aliyoisikia redioni. Akiulizwa fedha hizo ni mishahara au miradi, na kama zilitolewa zote au nusu, hana jibu, basi anairudia tarakimu ileile kwa sauti kubwa zaidi. Upande wa pili nao hujibu "usalama kwanza", na mjadala unaishia hapo.

Mwongozo huu unahusu bajeti ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Tenga jioni tatu au nne. Ukimaliza utakuwa na vitu viwili: jedwali moja lenye takwimu za miaka mitatu, na karatasi ya ukurasa mmoja unayoweza kumpa mbunge, kuisoma kwenye mdahalo au kuituma kwa Katibu wa Bunge.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vitabu vya makadirio vya Wizara ya Fedha. Kitabu cha Pili kina matumizi ya kawaida ya wizara na idara, na Kitabu cha Nne kina miradi ya maendeleo. Chukua vya miaka mitatu mfululizo.
- Hotuba za bajeti za Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa na za Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, za miaka hiyohiyo mitatu.
- Taarifa za Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Kamati hii huzipitia wizara zote mbili, na taarifa yake husomwa bungeni mara tu waziri anapomaliza hotuba.
- Ripoti kuu ya mwaka ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu Serikali Kuu, pamoja na ripoti ya miradi ya maendeleo.
- Kiwango cha mfumuko wa bei cha kila mwaka kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu.
- Programu yoyote ya lahajedwali. Ukikosa, daftari la mistari na kikokotoo vinatosha.

Ipo pia randama, yaani kitabu kinachochambua bajeti ya wizara kwa undani zaidi. Hicho hupewa wabunge na si rahisi kukipata mtandaoni, lakini si dhambi kumwomba mbunge wako akusomee ukurasa unaouhitaji.

Tahadhari ya kwanza. Tumia nyaraka zilizochapishwa tu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inagusa anayepokea na anayesambaza taarifa za siri, si anayezivujisha peke yake. Mtu akikutumia "waraka wa ndani" kwa simu, usiupachike kwenye hoja yako wala usiusambaze. Tena hauuhitaji: vitabu vya makadirio vina zaidi ya unachoweza kumaliza kukichambua.

## Hatua ya 1: Amua ni usalama upi unaouzungumzia

Hapa ndipo wengi wanapopotea. "Bajeti ya usalama" si fungu moja. Andika orodha hii juu ya jedwali lako:

- Fungu 38: Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania
- Fungu 39: Jeshi la Kujenga Taifa
- Fungu 57: Wizara ya Ulinzi na JKT
- Fungu 28: Jeshi la Polisi
- Fungu 29: Jeshi la Magereza
- Fungu 14: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji
- Fungu 93: Idara ya Uhamiaji
- Fungu 51: Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi

Idara ya Usalama wa Taifa iko chini ya Ofisi ya Rais, kwa hiyo usitarajie kukuta fungu linalojitegemea lenye jina lake. Usilikisie kiasi chake. Ukikisia tarakimu moja, zile tisa za kweli ulizoleta nazo zitatiliwa shaka.

Kwa nini kuyatenganisha? Kwa sababu ndani ya Fungu 29 kuna chakula cha wafungwa, ndani ya Fungu 14 kuna magari ya kuzima moto, na Fungu 39 linabeba mafunzo ya vijana makambini. Ukiyajumlisha yote na kuyaita "fedha za silaha" utakuwa umesema uongo bila kukusudia. Uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa matumizi ya serikali nao huweka ulinzi katika kundi la 02, na polisi, zimamoto, mahakama na magereza katika kundi la 03. Fuata mgawanyo huo: kundi la jeshi peke yake, kundi la usalama wa raia peke yake.

Angalia pia vilivyo nje ya orodha. SUMAJKT (shirika la uzalishaji mali la JKT) na Shirika la Mzinga (la jeshi) huendesha biashara zao na hesabu zao hukaguliwa kivyake. Gharama za kamati za ulinzi na usalama za mikoa na wilaya hazimo katika mafungu haya. Vituo vya polisi vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi havionekani humu kabisa, ingawa jasho lililomwagika pale ni matumizi ya usalama kama mengine.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kumaliza sentensi hii bila kusita: "Ninazungumzia Fungu namba ... na si mengine."

## Hatua ya 2: Jaza jedwali la miaka mitatu

Kila fungu lipe mistari minne: mishahara, Matumizi Mengineyo (ambayo wenyewe huyaita OC), maendeleo kwa fedha za ndani, na maendeleo kwa fedha za nje. Kwa kila mwaka weka safu tatu: iliyoidhinishwa, iliyopokelewa, na tarehe ambayo takwimu ya mapokezi inaishia. Mbele kabisa weka safu ya chanzo: jina la kitabu na ukurasa, au aya ya hotuba. Aya za hotuba za mawaziri zina namba, zitumie.

Iliyoidhinishwa utaipata kwenye vitabu. Iliyopokelewa hutajwa kwenye hotuba ya mwaka unaofuata, katika sehemu ya mapitio ya utekelezaji.

Makosa matatu hujirudia hapa:

1. Kuchanganya makadirio na matumizi halisi. Safu za kitabu cha makadirio hazifanani: nyingine ni matumizi halisi ya mwaka uliopita, nyingine makadirio yaliyoidhinishwa ya mwaka unaoendelea, nyingine makadirio mapya. Soma vichwa vya safu kabla hujanakili chochote.
2. Kusahau kwamba mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. "Bajeti ya 2023" haipo. Ipo ya 2022/2023 na ya 2023/2024.
3. Kunakili sifuri pungufu. Ukijumlisha mistari minne na jumla isilingane na ile iliyochapishwa, simama. Usiendelee mpaka ilingane.

*Umefaulu ikiwa:* mtu mwingine akipewa jedwali lako anaweza kufungua ukurasa uliouandika na kuikuta tarakimu ileile.

## Hatua ya 3: Tenganisha fedha inayohamishika na isiyohamishika

Hatua hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mishahara haihamishiki ndani ya mwaka mmoja. Askari ameajiriwa, analipwa. Ukidai "theluthi ya fungu la Polisi iende kwenye dawa" huku sehemu kubwa ya fungu hilo ikiwa mishahara, unadai askari waachishwe kazi, hata kama hukukusudia hivyo. Mpinzani wako atalisema hilo, na atakuwa sahihi.

Fedha za nje za maendeleo nazo zimefungwa kwenye mkataba na mradi wake. Huwezi kuzihamishia kwingine kwa kupiga meza.

Kinachobaki ni OC na maendeleo kwa fedha za ndani. Hapo ndipo ugomvi wa vipaumbele ulipo hasa. OC ndiyo mafuta ya gari la doria, posho za safari, sare, umeme, matengenezo, karatasi za kuandikia maelezo ya mlalamikaji. Ndani ya OC shuka mpaka kwenye kifungu (idara au kitengo ndani ya fungu), kisha kwenye kasma (mstari wa aina moja ya matumizi). Kasma zinazoanza na 21 ni malipo ya watumishi, zinazoanza na 22 ni bidhaa na huduma. Tafuta mafuta, matengenezo ya magari, safari za ndani, safari za nje, mafunzo na ukarimu. Ziweke sambamba kwa miaka mitatu, uone ipi inapanda na ipi inadumaa.

Kwa Fungu 38 hutapata undani kama huo kwa kila kitu, na si kila kinachofichwa kimefichwa kwa hila. Idadi ya zana na mahali zilipo ni siri halali. Elekeza nguvu kwenye yasiyo siri: nyumba za askari, madeni ya wazabuni, fidia za wananchi ambao maeneo yao yametwaliwa na jeshi. Haya mawaziri wenyewe huyazungumzia bungeni.

*Umefaulu ikiwa:* unajua ni shilingi ngapi kati ya kila 100 za fungu lako zinaweza kujadiliwa mwaka huu. Mara nyingi ni chache kuliko ulivyodhani, na ni heri ulijue hilo kabla hujapanda jukwaani.

## Hatua ya 4: Linganisha kwa haki

Ondoa mfumuko wa bei. Tuseme fungu lilikuwa na bilioni 100, mwaka unaofuata likapewa bilioni 104, na mfumuko ulikuwa asilimia 3. Gawanya 104 kwa 1.03, unapata 100.97. Ongezeko la kweli halifiki bilioni moja. Anayepiga kelele kuhusu "nyongeza ya bilioni nne" anahesabu kupanda kwa bei kama nguvu mpya.

Chagua kigawanyo na ukitaje. Asilimia ya nini? Deni la Taifa, lililo katika Fungu 22, halina mjadala wa kulipwa au kutolipwa. Tuseme bajeti yote ni 1,000, deni ni 300, ulinzi ni 90. Ukigawanya kwa bajeti yote unapata asilimia 9. Ukitoa deni kwanza unapata asilimia 12.9. Zote mbili ni sahihi. Ila ukitumia ya kwanza kwa ulinzi na ya pili kwa afya, huo ni mchezo wa karata tatu.

Usilinganishe wizara na sekta. Fungu la Wizara ya Afya si matumizi yote ya afya, kwa sababu sehemu kubwa hupitia mikoa na halmashauri, ambazo ziko Kitabu cha Tatu. Atakayeweka bajeti ya jeshi lote mbele ya fungu la makao makuu ya wizara moja atapata pengo la kutisha ambalo halipo.

## Hatua ya 5: Fuata fedha iliyotoka, si iliyoahidiwa

Bunge likipitisha, Hazina ndiyo inayotoa. Kati ya hayo mawili kuna shimo, na hotuba za mawaziri hulionyesha waziwazi kwa anayejua kuhesabu miezi.

Hotuba ikisema fungu limepokea asilimia fulani "hadi Machi", hiyo ni miezi 9 kati ya 12, kwa hiyo kipimo chako ni asilimia 75. Ikisema "hadi Aprili", kipimo ni asilimia 83. Mishahara itakaribia sana kipimo hicho. OC itayumba kidogo. Maendeleo ndiyo ya kutazama kwa makini: mradi uliotengewa bilioni 40 ukapokea bilioni 12 hadi Machi uko kwenye asilimia 30, wakati ulipaswa kukaribia 75.

Ukikuta hivyo, hoja yako imebadilika. Kudai nyongeza ya bajeti kwa fungu ambalo halipewi hata lilichoidhinishiwa ni kuongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Dai fedha zitolewe kwa ratiba, na utaje kila robo mwaka ilipaswa kupata kiasi gani. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja inayopuuzwa kuliko zote, labda kwa sababu haina msisimko wa "punguza jeshi" wala wa "ongeza askari".

Onyo: miradi ya ujenzi haitumii fedha sawasawa kila mwezi. Mapokezi madogo hadi Machi yanaweza kutokana na mkandarasi aliyechelewa, si Hazina. Angalia angalau miaka miwili kabla ya kulaumu.

## Hatua ya 6: Pitisha kila dai kwenye ripoti ya CAG

Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, CAG hukabidhi ripoti yake kwa Rais, nayo hufikishwa bungeni. Huwa hadharani Aprili, wakati muafaka kabisa kwako, kwa sababu bajeti za wizara hizi mbili kwa kawaida husomwa Mei.

Tafuta jina la fungu na namba yake. Soma mambo manne: madeni ya watumishi na wazabuni, ununuzi uliokiuka taratibu, mali zilizolipiwa zisipokelewe, na mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa serikali yenyewe ilishaulizwa na ikajibu.

Usinukuu hoja ya ukaguzi kama hukumu. CAG akiandika kwamba nyaraka za malipo hazikuonekana, hajasema fedha zimeibwa. Andika alichoandika.

Kama ripoti imeacha pengo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuia taarifa zinazohatarisha usalama wa taifa. Kwa hiyo uliza kwa namna isiyogusa uzio huo. Ukiuliza "Kituo kina silaha ngapi?" utakataliwa, na ni halali. Ukiuliza "Kifungu hiki kilipokea shilingi ngapi za mafuta kati ya Julai na Desemba?" ni vigumu kukataliwa kwa kisingizio cha siri.

## Hatua ya 7: Geuza takwimu kuwa gharama ya kitu kinachoonekana

Bilioni haimwingii mtu akilini. Gari la doria linamwingia.

Mfano wa kukokotoa: gari moja la kituo likitumia lita 15 kwa siku, kwa siku 365 ni lita 5,475. Tuseme lita ni shilingi 3,000 (wewe weka bei ya mwezi huo iliyotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji). Unapata shilingi 16,425,000 kwa mwaka. Kwa vituo 20 ni shilingi 328,500,000. Sasa rudi kwenye jedwali: je, kasma ya mafuta ya kifungu husika inafika hapo? Kasma ya safari je?

Orodhesha dhana zako zote: lita ngapi, siku ngapi, bei ipi. Mtu akipinga lita 15 na kusema ni 25, mshukuru, badilisha, hesabu upya palepale. Aliyekuja kubishana ameanza kukusaidia kukokotoa.

## Hatua ya 8: Andika ukurasa mmoja, na useme fedha itoke wapi

Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais. Kupunguza linaweza. Maana yake, ukimpelekea mbunge ombi la "ongeza", umempa mzigo asioweza kuubeba peke yake. Mpelekee pendekezo la kupunguza kasma fulani na ushawishi wa kumfanya waziri akubali kuhamisha.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Fungu, kifungu na kasma, pamoja na ukurasa.
2. Tatizo kwa sentensi mbili, lenye tarakimu zisizozidi tatu.
3. Pendekezo: shilingi ngapi zitoke wapi, ziende wapi.
4. Athari ya kuhamisha, pamoja na hasara yake. Usiifiche hasara, ukiifunika wewe, mwenzako ataifunua kwa furaha.
5. Swali moja ambalo waziri anaweza kulijibu kwa namba.

*Umefaulu ikiwa:* mtu asiyejua bajeti anausoma kwa dakika mbili na kukueleza unataka nini.

## Hatua ya 9: Peleka kwa wakati

- Novemba: mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hujadiliwa bungeni. Vipaumbele vikubwa hukaa hapa.
- Machi: kamati hukagua miradi na kupitia makadirio. Huu ndio mwezi wa kutuma karatasi yako kwa kamati, kupitia Katibu wa Bunge, na nakala kwa mbunge wako.
- Aprili hadi Juni: wizara moja moja husomwa Dodoma. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri hadi apate maelezo ya kuridhisha. Hiyo shilingi ndiyo mlango wa swali lako la namba 5 katika Hatua ya 8.
- Katikati ya Juni: bajeti kuu husomwa, kisha wabunge huipigia kura kwa kuitwa majina. Wakati huo umeshachelewa kubadili kasma ya mafuta. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo usitegemee miujiza siku ile.

Kosa la kila mwaka ni kuanza kuandika Juni, hotuba kuu inapoanza kurushwa. Ukisikia hotuba ndipo ukakumbuka, andaa karatasi ya Novemba.

## Hatua ya 10: Kwenye mdahalo wenyewe

Andaa majibu ya pingamizi tatu, maana zitakuja tu.

"Hayo ni mambo ya siri." Jibu kwa kutaja kitabu na ukurasa. Kilichochapishwa na Wizara ya Fedha si siri.

"Usalama hauna bei." Usibishane na maneno hayo. Uliza kwa nini basi mradi ule ulipokea asilimia 30.

"Unawadharau askari wetu." Onyesha mstari wa mishahara ambao hujaugusa, na kasma ya nyumba au madeni yao kama umeitetea.

Na kama wewe ndiye unayetetea ulinzi upewe zaidi, masharti ni yaleyale. Tishio la mpakani si tarakimu. Taja kifungu, taja kilichopokelewa, taja fedha ya nyongeza utaitoa wapi.

Baada ya hapo subiri Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, ya siku wizara yako iliposomwa. Tafuta namba ya fungu, nakili jibu la waziri neno kwa neno pamoja na tarehe, kisha libandike kwenye jedwali mbele ya safu ya mwaka ujao.